Shajara ya mradi: pesa za kisima kimoja, Februari hadi Novemba 2024

Tuko watatu: mimi ninayeandika, mwenzangu wa kamera, na mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye ndiye msomaji wa tarakimu, maana sisi wawili zinatukimbia. Tunaishi pwani ya Kenya. Kaunti siitaji wala kijiji sikitaji, kwa kuwa yupo mtu ameshaumia kwa uzembe wetu na sitaki kumwongezea. Naandika kwa ajili ya waandishi wa mashinani wasio na chumba cha habari nyuma yao, waige palipofaa na waparuke tulipoanguka.

Kianzio chetu kilikuwa shilingi 45,000, mchango wa mifuko yetu. Kazi yenyewe ilitoka kwenye aya moja ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Katiba inampa mkaguzi huyo miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni, na ripoti zake za kaunti zote 47 ziko wazi mtandaoni. Yetu ilisema mradi fulani wa maji umelipwa, vielelezo havikutosha, na thamani ya pesa haikuweza kuthibitishwa. Sentensi tatu, basi. Wengi huzinakili sentensi kama hizo, wakaweka kichwa cha habari kikali, wakaenda zao. Sisi tulitaka kwenda kukitazama kisima.

12 Februari: ombi la kwanza, na namna lilivyopotea

Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza njia. Unaandika barua, ofisi ina siku 21 za kukujibu. Hulipi kuomba, unalipia nakala tu. Sababu ya kuomba huulizwi, na hata wakiihisi haiwapi ruhusa ya kukunyima.

Tuliandika kwa Kiingereza kizito, tukaomba "nyaraka zote zinazohusu miradi ya maji". Karani wa mapokezi akaipokea kwa tabasamu, akaitia kwenye trei. Tukatoka tumefurahi.

Tarehe 4 Machi, siku ya 21, tukarudi. Barua haikuwako. Haikuandikwa kwenye daftari la masjala, na mapokezi palikuwa na karani mwingine. Hatukuwa na nakala yenye muhuri, kwa hiyo kwa upande wao hatukuwahi kuomba kitu. Wiki tatu zimekwenda na maji.

Makosa yalikuwa mawili. La muhuri kila mtu ataliona. La pili ni lile neno "zote". Ukiomba vyote unampa afisa kisingizio cha kusema ombi halieleweki, na kusema kweli hata angetaka kukusaidia asingejua aanzie wapi.

7 Machi: ombi la pili, kwa Kiswahili

Safari hii mwalimu ndiye aliyeandika, na akaandika kwa Kiswahili. Tukataja nambari ya zabuni, tukataka vitu vinne tu: mkataba, mchanganuo wa kazi na bei (makandarasi huuita BQ), hati za malipo, na ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji iliyosaini kuwa kazi imekwisha. Tukachapa nakala mbili.

Pale dirishani kukawa na mvutano kidogo.

"Mwalimu, hii barua ni ya Kiswahili."

"Naam, mwanangu."

"Hapa tunaandikiana kwa Kizungu. Mkubwa hataisoma."

Mwalimu akatoa ukurasa wa sheria, akauweka juu ya kaunta, akaelekeza kidole kwenye kifungu cha 8: ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Binti akasoma, akaenda nyuma, akakaa kama dakika kumi. Aliporudi alikuwa na muhuri mkononi. Akagonga nakala zote mbili, akaandika saa na tarehe, akaingiza kwenye daftari. Bila shaka hakuwahi kuonyeshwa kifungu hicho, na nadhani mkubwa wake pia.

Gharama ya siku: shilingi 60 za kuchapa. Ukiiga kitu kimoja tu humu, iga hiki.

20 Machi: kukipima kisima

Hapa nimejaa aibu, kwa hiyo nitaeleza kwa kituo.

Kijijini tuliambiwa kisima kimechimbwa mita 120. Kilichoonekana kwa macho ni bomba la chuma lenye kifuniko kisichofungwa, paneli nne za sola, na juu ya mnara tangi la plastiki lililoandikwa ubavuni lita 10,000. Mwenzangu alipiga picha kila upande, mwalimu akiwa amesimama chini ya mnara na fimbo ya mita mbili tuliyoipaka rangi nyekundu na nyeupe, ili urefu uweze kukadiriwa kutoka kwenye picha.

Kuhusu kina, mzee mmoja mvuvi akatucheka. Akasema kupima shimo si kazi ya chuo. Akaleta mshipi mpya wa kuvulia, akaufunga chubwi zito, na baada ya alasiri, kinywa kimemkauka kwa saumu ya Ramadhani, akaanza kuuteremsha kwenye bomba huku akihesabu pima moja moja kwa mikono yake miwili. Kina mama walioleta mitungi wakakaa kimya kumsikiliza. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Kwenye pima ya 34 mshipi ukalegea.

Nikatoa simu, nikazidisha 34 kwa 1.83, mita za pima moja, nikapata mita 62. Nusu tu ya tulichoambiwa! Njiani kurudi nilikuwa nimeshaanza kuandika sentensi ya kwanza kichwani.

Kosa la kwanza alilikamata mwalimu usiku ule ule. Hiyo 1.83 ni pima ya vitabuni. Mzee wetu ni mfupi. Tuliponyoosha mshipi uwanjani na kuupima kwa futi kamba, tulipata mita 57 na nusu. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na alituonyesha fundi wa pampu tuliyemuuliza kesho yake. "Chubwi lenu limekaa juu ya pampu," akasema. "Pampu haifiki chini. Mngepima visima vyote vya pwani namna hiyo, vyote vingekuwa vifupi."

Kwa hiyo kipimo chetu hakikuthibitisha kitu. Kingechapishwa, mkandarasi angetuvua nguo hadharani kwa swali moja.

Fundi huyo huyo ndiye aliyetuonyesha mlango. Kila anayechimba kisima kwa mashine anatakiwa awe na kibali, na akimaliza apeleke rekodi ya kukamilisha kazi kwa mamlaka inayotoa vibali hivyo: kina, tabaka za udongo na mawe, kiasi cha maji. Tarehe 22 Machi tukaomba rekodi hiyo, kwa Kiswahili, nakala mbili. Walijibu ndani ya muda wa sheria, karatasi mbili. Kina: mita 78.

Mshipi na chubwi: shilingi 900. Mzee alikataa kurudishiwa mshipi wake, anasema umeshanusa ufisadi.

28 Machi: kimya

Siku ya 21 ya ombi la pili iliangukia Alhamisi, kesho yake ni Ijumaa Kuu. Hakuna jibu. Sheria inasema muda ukipita bila jibu, ihesabike umekataliwa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ndiyo Ombudsman. Tukaandika tarehe ukutani: 27 Aprili.

2 hadi 22 Aprili: karatasi ya kona ya kijani

Tarehe 2 Aprili mtu mmoja akatupatia bahasha. Sitasema anafanya kazi gani. Ndani mlikuwa na hati ya malipo, kurasa mbili, nakala ya fotokopi. Kuchimba: mita 120 kwa shilingi 6,500 kila mita, jumla 780,000. Tangi la chuma la lita 50,000 juu ya mnara wa mita 12: shilingi 2,950,000. Chini, sahihi tatu.

Sasa mkononi tulikuwa na rekodi ya mita 78 kwa upande mmoja na malipo ya mita 120 kwa upande wa pili. Tofauti ya mita 42, yaani shilingi 273,000 za shimo ambalo halikuchimbwa. Na tangi lenyewe hata mtoto angeweza kulihesabu. Maduka matatu ya vifaa mjini yalitutajia bei ya tangi la plastiki la lita 10,000. Bei ya juu kabisa ilikuwa shilingi 125,000.

Mwalimu alisema tungoje. Kuna ombi letu halali limelala mle ndani, alisema, tulisukume, tuipate hati hii kwa mlango wa mbele. Mimi nikamwambia habari ni samaki. Tarehe 15 Aprili tukatoa sehemu ya kwanza mtandaoni na kwenye redio moja ya jamii, na mtandaoni nikaweka picha ya ukurasa wa kwanza, ili watu waone kwa macho yao kuwa hatubuni.

Sahihi nilizifunika. Jina la mpokeaji nililifunika. Kilichonipita ni kona ya juu kulia, nambari ndogo kwa wino wa kijani, ukubwa wa punje ya mtama. Ni nambari ya folio. Karatasi ikiingia jaladani huandikwa nambari kwa mkono, na wino wa kijani katika ofisi ile ulikuwa na mwenyewe mmoja. Tena nakala ile ilikuwa imetolewa kwenye jalada lililoazimwa wiki ile na mtu mmoja, na masjala wana daftari.

Tarehe 22 Aprili yule aliyetupatia bahasha akapewa barua ya uhamisho. Kituo kipya kiko mbali mno na watoto wake wanaosoma hapa. Barua haikutaja sababu, na hakuna atakayeweza kuthibitisha chochote.

Alitupigia simu yeye mwenyewe. Hakutukana. Aliuliza tu, "Kwani hamkuiona ile kijani?"

Haya tuliyaanza baadaye, ilhali wakati wake ulikuwa mwanzoni. Hati iliyovujishwa hatuionyeshi tena picha, hata kipande. Tunaandika upya tarakimu kwenye jedwali letu. Asili inakaa mahali pamoja, si kwenye simu. Picha anazotuma mtu zinasafishwa taarifa za mahali na saa kabla ya kuhifadhiwa. Na kabla ya kuchapisha, mmoja wetu ambaye hakuandika habari ile anakaa na karatasi akiwa na swali moja tu: mtu wa ofisi ile akiiona, atamjua nani?

Shilingi 8,000 tulichangia lori la kumhamisha. Naiweka kwenye gharama za mradi kwa sababu ni gharama ya mradi.

25 Aprili: malalamiko kwa Tume

Siku mbili kabla ya mlango kufungwa. Tuliambatisha nakala ya ombi yenye muhuri. Bila muhuri ule tusingekuwa na la kulalamikia.

3 Mei: siku yetu

Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Waandishi wa mji wetu walialikwa chai ya asubuhi na fulana za bure. Wiki hiyo hiyo redio ilikuwa imetuambia sehemu ya pili haitarushwa. Meneja hakuficha: amepigiwa simu, ameulizwa kama bado anayahitaji matangazo ya kaunti. Matangazo hayo ndiyo yanayolipa umeme na nusu ya mishahara. Sikumlaumu wakati ule na sasa simlaumu. Hakuna polisi aliyekuja kufunga mitambo, wala hakuna amri iliyoandikwa. Simu moja tu, na hata ukitaka kulalamika utamshtaki nani?

Mvua za msimu zilikuwa zimekata barabara ya kijijini, hatukufika hadi katikati ya Mei. Fulana ni ya rangi ya samawati, naivaa nikilala.

11 Juni: kituoni

Niliitwa kwa simu, si kwa barua. Wakili alinifundisha mambo matatu: simu yangu ya kazi ibaki nyumbani, niulize ninaitwa kama shahidi au mshukiwa, na nisitie sahihi kitu.

Afisa alikuwa mpole. "Kijana, hii maneno yako ya kisima inaharibia watu jina. Kuharibia mtu jina ni kosa." Wakili akamjibu taratibu kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai, Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Februari 2017. Anayeona amekashifiwa aende mahakama ya madai. Afisa akaguna, akageuza ukurasa: basi habari za uongo mtandaoni. Hapo wakili hakucheka. Vifungu vya 22 na 23 vya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 vilikuwapo wakati ule, Mahakama Kuu ilikuwa imekataa kuvifuta Februari 2020, na cha 23 kilifika faini ya shilingi milioni tano au miaka kumi jela.

Nilikaa saa nne, nikaruhusiwa. Nilichojifunza ni kwamba ngao ya sheria ile ni ukweli unaoweza kuuonyesha, na sisi karatasi yetu nzito kuliko zote tulikuwa tumeipata kwa njia ambayo hatuwezi kuitaja mahakamani bila kumtaja mtu. Mwalimu alinisikiliza nilipoeleza hili, akanywa kahawa yake, hakusema kitu. Ningependa angesema.

Wakili: shilingi 15,000, nusu ya bei yake.

Juni na Julai

Nchi ilikuwa barabarani, ofisi zikafungwa na kufunguliwa, kazi ikalala. Tarehe 16 Julai mwandishi Catherine Wanjeri alipigwa risasi akiwa kazini kwenye maandamano Nakuru, jaketi la habari mwilini. Tarehe 24 waandishi wakaandamana. Mwenzangu wa kamera aliandika neno PRESS mgongoni kwa herufi kubwa zaidi, kisha akakaa akilitazama.

19 Agosti: mlango wa mbele

Tume ilikuwa imeiandikia kaunti. Asubuhi hiyo tukaitwa kuchukua nakala: kurasa 62, shilingi 10 kila ukurasa, risiti tukapewa. Aliyetuhudumia ni yule binti wa muhuri, na bahasha aliiandika juu kwa Kiswahili.

Tuliifungua ndani ya matatu, hatukuweza kungoja. Ukurasa wa 41 ulikuwa hati ile ile ya malipo. Mita 120, tangi la chuma, sahihi zile zile. Kona ya juu kulia haikuwa na kitu.

Hatukuzungumza mpaka tulipofika stendi.

Kurasa nyingine zilitupa kitu ambacho bahasha ya Aprili haikuwa nacho: ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji. Wajumbe watano wametia sahihi kwamba wamefika, wamepima, wameridhika na tangi la lita 50,000.

9 Septemba: kampuni mbili, jina moja

Kwa ufupi, ingawa nusura itumalize. Kwenye eCitizen tulitoa hati ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa za kampuni, tukapata jina la mtu tuliyemfahamu. Tukaanza kusherehekea. Mwalimu akalinganisha nambari ya usajili na ile ya kwenye mkataba: si kampuni hiyo. Majina yanatofautiana kwa neno moja katikati. Tukalipia CR12 ya pili. Tangu siku hiyo jina la kampuni kwetu ni pambo, tunafuata nambari. Hati mbili: shilingi 1,300.

23 Septemba hadi 14 Oktoba: maswali, na matangi ya usiku

Tuliwapelekea kaunti na mkandarasi maswali tisa, tukawapa siku 14. Usiku wa tarehe 2 Oktoba kina mama wa kijijini wakatupigia: lori limekuja na taa zimezimwa. Asubuhi tukakuta matangi matatu mapya ya plastiki, ya lita 10,000 kila moja, yamepangwa chini kando ya mnara. Ukijumlisha na la juu unapata 40,000. Hata hesabu ya kudanganya hawakuimaliza.

Tulikuwa tumeshajiandaa. Picha za 20 Machi, ile fimbo ikionekana, zilikuwa kwa wakili pamoja na kiapo cha mwenzangu. Jibu la mkandarasi lilikuja siku ya 13, kwamba mradi "una vyombo vya kutosha vya kuhifadhia maji". Tuliliweka lote, neno kwa neno.

Kuhusu ile simu ya matangazo, safari hii hatukutegemea redio moja. Tuliwapa faili lote wenzetu wa kaunti mbili jirani, wasiotegemea matangazo ya kaunti yetu, na sote tukatoa tarehe 14 Oktoba saa moja asubuhi. Redio yetu ya jamii nayo ikasoma, ikisema inanukuu "vyombo vingine vya habari". Meneja alinitumia ujumbe wa neno moja: "Umeona?"

18 Novemba: hesabu na hali

Usafiri 14,200. Kuchapa na kutuma barua 3,850. Nakala za kaunti 620. Mshipi na chubwi 900. CR12 1,300. Wakili 15,000. Diski mbili na kisanduku chenye kufuli 9,600. Simu na bando 6,400. Lori 8,000. Jumla 59,870. Zile 14,870 zilizozidi kianzio zimetoka kwenye pensheni ya mwalimu, naye anasema ni mkopo.

Kamati ya hesabu ya bunge la kaunti imemwita mhandisi. Kikao kimeahirishwa mara mbili. Maji yanatoka Jumanne na Ijumaa. Matangi matatu ya chini hayajaunganishwa na bomba, watoto wanayapiga kama ngoma.

Rafiki yetu wa wino wa kijani bado yuko kituo cha mbali. Juzi alipiga simu. Alisema karatasi hatatupatia tena, sasa wala milele, lakini tukitaka tunaweza kuomba orodha ya uhamisho wote wa watumishi wa mwaka huu, pamoja na sababu zilizoandikwa kwa kila mmoja. Ombi limepelekwa leo asubuhi, nakala mbili, limegongwa muhuri saa tatu na dakika kumi. Siku ya 21 ni Jumatatu, 9 Desemba.